Mtoto Akinyonya, Mama Hunyonyoka

Mimi ndiye niliyesema. Nalitoa mwanzo kabisa lisije likanikaba katikati, maana najijua: nikishapata moto wa kusimulia, pale panaponihusu vibaya huwa napapita mbio, kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyemwamini.

Pale saluni wananiita Redio. Sijawahi kuuliza kwa nini. Msusi mwenzangu, ambaye habari hii ni yake, tulimwita Shungi, na yeye pia hakuna aliyeuliza. Nywele zake zilikuwa nyeusi, nene, zimejaa toka kipajini mpaka kisogoni, akizifumua zinasimama zenyewe. Bosi wetu, mama mwenye saluni, alipotaka tangazo hakutafuta picha ya mtu wa mbali. Alimwita mchoraji, akamkalisha Shungi kitini kutwa nzima, kikachorwa kichwa chake ukutani pembeni mwa mlango. Pua mchoraji hakuipatia, na macho kila moja lina safari yake, lakini nywele alizipatia barabara. Mpaka leo mtu akielekezwa kwetu anaambiwa, "Nenda mpaka pale penye kichwa."

Kiti chake kilikuwa cha dirishani. Kiti hicho hakipewi mtu hivi hivi, kwa sababu anayepita njiani anaona mikono kabla hajaona bei. Shungi alianza kazi pale akiwa msichana wa kufagia na kuosha vichwa kwenye sinki. Miaka miwili alifagia huku macho yakiwa kwenye vidole vyetu. Siku alipopewa kitana, aligawa nywele za mteja kwa ule mkia wake, mstari ukanyooka kama umepigwa rula, na kioo hakukitazama. Mimi nina miaka kumi na saba kwenye kazi hii na mistari yangu hunyooka mpaka mteja acheke. Wateja wangu hucheka sana, hilo silikatai.

Mumewe ni fundi wa mafriji, mkimya kupindukia. Akishasema "habari za hapa" amemaliza maneno ya juma zima. Walikaa miaka sita bila mtoto. Ya miaka hiyo sita siyaelezi. Anayeyajua anayajua, asiyeyajua amshukuru Mungu. Mimba ilipokuja, nywele za Shungi zikazidi kujaa, wateja wakawa wanamshika kichwa bila kuomba ruhusa. Akajifungua mtoto wa kiume mwenye mashavu, tukamwita Bwana Mkubwa, kwa sababu alikuwa akilia mara moja tu, saluni nzima inasimama.

Alirudi kazini mtoto ana miezi mitatu. Bwana Mkubwa akatandikiwa shuka kwenye beseni kubwa la plastiki nyuma ya kiti cha mama yake. Akiona njaa, Shungi anamwomba mteja radhi, anakaa kwenye stuli, ananyonyesha. Na mtoto yule alikuwa na mtindo wake: hanyonyi mpaka ashike. Mkono mmoja kwenye ziwa, wa pili unapanda juu kutafuta nywele za mama. Akishazikamata ndiyo anafumba macho na kuanza kazi.

Mtoto alipofika miezi minne, nywele zikaanza kutoka. Mimi nilizionea kwenye ufagio. Asiye msusi akitazama sakafu ya saluni ataona takataka, lakini sisi tunazisoma. Unywele uliokatika hauna kitu mwishoni. Uliong'oka una kidoa cheupe kwenye shina, kidogo kama punje ya chumvi. Siku moja nilifagia chini ya ile stuli nikapata fungu zima, na kila unywele ulikuwa na kidoa chake. Nikalifunga kwenye karatasi, nikatupa, nikanyamaza. Redio kuzimika siku ile, jamani, ilikuwa bahati mbaya.

Baada ya wiki mbili panja zilifunguka kushoto na kulia. Mwenyewe aliniambia kwamba akioga, tundu la maji linaziba. Mumewe amezikuta kwenye chakula, akazitoa kimya, akaendelea kula. Mto wake, alisema, una nywele kuliko yeye. Yote hayo aliyasema akicheka. Shungi alikuwa hodari wa kucheka, nami nikadhani anayecheka haumwi.

Sasa siku yenyewe. Saluni imejaa, na kwenye kiti cha Shungi yupo mama mmoja muuza vitambaa, mdomo wake hauna breki. Akamtazama Shungi kwenye kioo, akasema kwa sauti ya sokoni, "He! Shungi! Mbona panja hizo? Au mkigombana na mumeo mnavutana nywele?"

Niliona mikono ya Shungi imesimama hewani. Naapa nilitaka kumwokoa, na silaha yangu mimi ni moja tu. Nikapaza sauti: "We mama nawe, Kiswahili hukijui? Wazee walisema, mtoto akinyonya, mama hunyonyoka! Unadhani kwa nini maneno yanafanana?"

Kicheko kilichopigwa! Aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia alitoa kichwa nje kuuliza kumetokea nini, akaambiwa, naye akacheka. Shungi alicheka mpaka akashika kiuno.

Lazima niieleze tabia yangu. Kila ninachokitunga nakiwekea "wazee walisema" mbele. Wazee wangu hao wamesema mengi. Walisema mwanamke asisukwe akiwa na hasira, mistari itapinda. Siku hiyo nilikuwa nataka kwenda kula. Walisema anayesinzia kwenye kiti cha msusi ataota ndoto za mwenye kitana. Hawajawahi kuzaliwa wazee hao, lakini heshima yao wanayo.

Neno likatoka nje kwa miguu yake. Haikupita wiki, mteja mgeni wa mtaa wa pili akamshika Shungi mkono kwa huruma, akamwambia, "Pole, mdogo wangu. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema, mtoto akinyonya, mama hunyonyoka." Mwingine akadakia kwamba yupo mama anayemjua, aliacha kunyonyesha, mwezi haukuisha nywele zikarudi zote. Na mimi nimesimama pale na kitana mkononi, najisikia fahari! Neno langu limeshapata marehemu bibi! Nikamkonyeza Shungi kwenye kioo. Hakunikonyeza.

Bosi si mtu mbaya, ila saluni ni yake. Alimwita Shungi pembeni, mimi nikiwa hapo hapo nasafisha vitana. "Mwanangu," akasema, "mteja humtazama msusi kichwani kabla hajakaa. Wale wawili wa jana walichungulia ukutani, wakakuchungulia wewe, wakaenda zao. Kaa kwenye sinki kwanza, uoshe. Kiti kitakungoja mpaka mwisho wa mwezi. Kisipokuwa na wewe, itabidi nimpe mwingine."

"Sawa, mama," alijibu Shungi. Akachukua taulo lake, akaenda kwenye sinki, pale pale alipoanzia na ufagio.

Kinyozi hajinyoi, na hao waliosema hivyo ni wazee wa kweli. Shungi aliniomba nimsuke nikivutia nywele mbele, zifunike panja. Nikakataa, nikamwambia zilizobaki zimelegea, tukizivuta tunazimaliza. Yeye mwenyewe amewakataza wateja hivyo mara mia. Kesho yake alikuja amejisuka peke yake, amejikaza mpaka macho yamepanda na vipele vimetoka kandokando ya kipaji. Juu yake akafunga kilemba.

Jumatatu iliyofuata Bwana Mkubwa alilia kwenye beseni, na Shungi akatoa chupa. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, vidoa viwili, akavifunika kwa taulo. "Nimeamua," akasema kabla sijafungua mdomo. Mtoto aliisukuma chupa kwa ulimi. Mkono wake ukapanda juu, ukakuta kilemba, ukateleza. Akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha mtu aliyefukuzwa nyumbani. Nami nikasema nini? Nikasema, "Haya, mdogo wangu, kila mtu na mwili wake." Kuunganisha hiki na kile? Wala.

Aliyeniunganishia ni mumewe. Ilikuwa Jumatatu nyingine, Shungi amekwenda dukani kutafuta maziwa ya kopo ya aina nyingine, maana ya kwanza mtoto ameyakataa. Fundi akaingia na boksi lake la spana, akasimama mbele yangu.

"Shemeji," akasema, "wale wazee waliosema, wanakaa wapi?"

"Wazee gani, shemu?"

"Wa kunyonya na kunyonyoka. Mke wangu amemwachisha mtoto ziwa, leo siku ya nane. Nikimuuliza ananiambia wazee walisema, na Redio anawajua. Mtoto analia mpaka sauti imekauka. Nataka niende mwenyewe nikawaulize, kama wana dawa ya mama, ya mtoto wanayo?"

Hakuwa ananidhihaki. Laiti angenidhihaki! Mtu yule alikuwa tayari kubeba boksi lake la spana mpaka kijiji chochote nitakachomtajia. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe ulikuwa umenirukia usoni.

Ningemwambia pale pale. Sikumwambia. Nilifanya ujanja: nikasema twende wote kliniki, nesi ana elimu kuliko wazee. Nilijua nesi atamsahihisha Shungi, mambo yatanyooka, na mimi jina langu halitatajwa. Woga ni kitu kibaya, unakufanya uonekane una busara.

Shungi aliporudi dukani, tukambeba mtoto tukaenda. Nesi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa uzi. Akampima Bwana Mkubwa, akatazama kadi, akampima tena. "Huyu hajaongezeka," akasema. "Amepungua." Akamgeukia Shungi. "Unampa nini?"

Shungi akaeleza yote, sauti ya chini, akafungua na kilemba. Nesi akamshika panja kwa vidole viwili, polepole, akatikisa kichwa kwa vile vipele.

"Sikiliza, mama. Ulipokuwa na mimba, nywele zako zilijaa sana, siyo? Zile zilizotakiwa kudondoka kila siku hazikudondoka, zilikaa. Sasa zinaondoka kwa pamoja, ndiyo maana unaona nyingi. Anayenyonyesha zinamtoka, asiyenyonyesha zinamtoka. Wengi mtoto akifikisha mwaka zimesharudi. Zisiporudi, njoo tutazame kuna nini. Ila usizivute hivi, hizi unazing'oa wewe mwenyewe. Na maziwa ya kopo si sumu, wapo watoto wanaokua nayo vizuri. Lakini huyu hayataki, na wewe ya kwako unayo. Unayakausha kwa nini?"

"Wazee walisema," akajibu Shungi. "Na neno lenyewe linaonyesha. Kunyonya, kunyonyoka. Kila mtu anasema, mpaka wageni wanasema."

"Wazee gani hao? Niko kwenye kazi hii miaka ishirini, sijawasikia."

Shungi akanigeukia mimi, nimwitie wazee wangu. Fundi akanigeukia. Nesi akavaa miwani.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe ndiye uliyewasikia?"

"Mimi ndiye wazee. Nilitunga. Siku ile ya muuza vitambaa. Nilikuwa nataka watu wacheke wasikutazame."

Nilitegemea anipige kofi, na ningelipokea. Hakunyanyua hata mkono. Alinitazama kama anayetazama mstari uliopinda, akitafuta ulipoanzia.

"Dada," akasema, "mimi usiku nimelala nimejikaza nguo kifuani, maziwa yananiuma kama jipu. Mwanangu analia chumba cha pili kwa baba yake, nami naziba masikio. Nikisikia moyo unataka kunyanyuka, najiambia tulia, wazee hawasemi uongo. Kumbe wazee wenyewe ni wewe." Sauti ikapasuka. "Miaka sita nimemlilia Mungu kwa ajili ya huyu. Nikamnyima ziwa kwa ajili ya nywele!"

Akalia. Fundi akaweka boksi chini, akamchukua mtoto. Nesi hakumkemea mtu. Alisema maziwa hayajakauka, ila yamepungua, na yatarudi mtoto akikubali kunyonya. Amweke ziwani mara kwa mara, kabla ya chupa, ngozi kwa ngozi. "Tatizo si wewe tena," akasema. "Sasa ni yeye. Siku nane kwa mtoto ni nyingi. Akikataa, usimlazimishe, jaribu tena."

Shungi hakuja kazini siku tano, na kwangu hakutuma salamu. Habari nilizipata kwa Fundi, aliyekuwa akipita asubuhi: "Bado." Siku ya pili: "Bado. Akiwekwa anageuza uso." Ya tatu: "Bado." Hilo neno moja lilinilaza macho kuliko matusi. Maji yakimwagika hayazoleki, watu husema, na nilijua kuna vitu vingine pia havizoleki. Kutwa nzima nilikuwa kimya mpaka wateja wakauliza kama ninaumwa. Wateja wa Shungi niliwasuka mimi, na mmoja nilimpindishia mstari mpaka Bosi aliuona toka mlangoni.

Siku ya sita asubuhi, hatujafungua madirisha, Shungi akaingia. Mtoto mkononi, analia ile sauti iliyokauka. Hakunisalimia. Akapita sinki, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha dirishani, akavuta kilemba akakitupa chini.

"Nifumue," akasema.

Nikafumua. Alikuwa amejikaza hasa. Nilianzia nyuma, kwa ncha ya kitana, fundo moja moja, na kila msuko ukiachia niliona ngozi yake inashuka, kama mtu anayevua kiatu kinachombana. Nywele ziling'oka na kuniganda mkononi, kila moja na kidoa chake cheupe. Nilitaka kuzificha mfukoni. "Acha," akasema, "zidondoke." Mtoto amemweka ziwani, na mtoto amegeuza uso, analia.

Nilipofika mbele, nikaachia msuko wa panja ya kushoto. Nywele chache zilizobaki pale zikasimama. Bwana Mkubwa akaziona. Akanyamaza kidogo, akanyanyua mkono, ukapanda taratibu kifuani, shingoni, shavuni, ukazifikia. Akafunga ngumi. Akageuka, akakamata ziwa.

Kwanza alinyonya kidogo, akaacha, akalalamika kwa sababu maziwa hayakuja upesi. Kisha akarudi kwa hasira. Tukasikia anameza. Mara moja, mara mbili. Kadiri alivyonyonya ndivyo alivyovuta, na ile ngumi iliposhuka, ilishuka na nywele za mama yake zote za pale, hakuacha hata moja. Akaitazama ngumi yake, akapeleka mkono upande wa pili kutafuta nyingine.

Shungi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Umeona, dada?" akasema. "Ananyonya na kuninyonyoa. Wazee wako hawakukosea sana."

Nilipiga magoti, nikaokota zilizodondoka.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa kinyozi jirani yetu, akapunguza zote, zikabaki fupi kabisa. Akarudi kichwa wazi, panja nje, akafunga aproni na kusimama dirishani. Bosi alitoka nje akatazama ukuta, akaingia ndani akamtazama yeye. "Na kichwa cha pale nje tutafanyaje?" akauliza.

"Kitangoja, mama," Shungi akajibu. "Si kiti kilingoja?"

Bosi akaukumbuka ule mstari niliopindisha mimi, akamwachia kiti. Wateja wawili hawakurudi, na muuza vitambaa mpaka leo anasema lake. Waliobaki walibaki kwa ajili ya mikono.

Bwana Mkubwa sasa ana mwaka na anatembea kwa kushika viti. Kwenye panja za mama yake zimeota nywele changa, fupi, zimesimama wima kama za brashi mpya, hazitaki kulala hata kwa mafuta. Hazijafikia za ukutani. Anasema hana haraka nazo.

Lakini lile neno halikufa. Nililitoa mimi kwa pumzi moja, na kulirudisha nimeshindwa. Juzi amekuja mama kijana, mtoto mgongoni, panja zimeanza kufunguka. Ameketi kwa Shungi, akajitazama kwenye kioo, akasema polepole, "Nafikiri nimwachishe huyu. Wazee wanasema, mtoto akinyonya, mama hunyonyoka."

Shungi hakuacha kusuka. Alinyoosha mkia wa kitana kuelekea kwangu, bila kugeuka.

"Mzee mwenyewe yule pale," akasema. "Muulize."

Nikamwacha mteja wangu na nusu kichwa, nikanawa mikono, nikavuta ile stuli nikakaa mbele ya yule binti. "Mwanangu," nikamwambia, "mimi ndiye niliyesema."